Ua Linalofumba Saa Sita

Kitambaa kilikuwa cheupe, kimepigwa pasi, kimefungwa kwa utepe mwekundu, na kila aliyekuwa sebuleni kwa Papa Siméon Kitsa Jumapili ile alikuwa amekwisha kukisia kilichomo. Mama Emérence, mkewe, alidhani ni kitenge. Tante Kavugho, dada yake Papa Siméon, mwanamke asiyeweza kuona mzigo uliofungwa bila vidole kumwasha, aliapa kimoyomoyo kuwa ni shanga. Victoire, ambaye wageni walikuja kwa ajili yake, hakukisia kitu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani, akimtazama mwalimu Valentin Kalala kwa jicho la pembeni, kwa sababu msichana anayeposwa hatazami kwa macho mawili.

Na Valentin alikuwa wa kutazamwa. Mrefu, shati limemkaa, na ule utulivu wa macho uliomfanya Victoire kila mara asahau alichotaka kusema. Alikuwa ametoka Beni, mji anakofundisha biolojia, kwa pikipiki, akifuatana na mwalimu mwenzake, Mama Antoinette, mtu mzima aliyekuja kusimama mahali pa mama yake. Mama mzazi alikuwa kwao Mbuji-Mayi, na Mbuji-Mayi si jirani.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Mbuzi wa posa waliyemleta alikuwa amefungwa uani, anakula maganda ya viazi. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa imeonjwa na kusifiwa. Papa Siméon, mtu asiyecheka ovyo, alikuwa hata amecheka kidogo.

Valentin akasimama, kitambaa mkononi.

"Papa, Mama, na wazazi wote," alisema. "Hii haiko mu hesabu ya mahari. Ni ya roho yangu. Nimeikata leo asubuhi mapema, kule Beni, nyuma ya masomo yetu, pale tunafundishaka. Nilisema, mutu mwenye kuingia mu nyumba ya Victoire bila ua, ule mutu hapana jua Victoire."

 Victoire alitazama saa ya ukutani. Mungu wangu, alijisemea, isiwe lile.

Utepe ukafunguliwa. Ndani ya kitambaa hakukuwa na ua hata moja. Kulikuwa na rundo la majani mabichi, mashina yenye vifundo, na mizizi yenye udongo mwekundu wa Beni.

 Tante Kavugho ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao.

"Nyamuhanga wetu! Si ni ile majani tunang'oaka mu shamba?"

Lilikuwa lile. Kila mwanamke wa milima ya Butembo analijua gugu hilo la buluu, na hakuna anayelipenda. Ukilikatakata kwa jembe, kila kifundo kinakuwa gugu jipya. Ukiliacha juu ya udongo, mvua moja tu linashika tena, na maharage yako unayaaga. Kwa hiyo kumpelekea mtu gugu hilo uani kwake, tena na mizizi yake, ni kama kumwambia: njaa ikupate wewe na watoto wako.

Lakini lina siri, na siri hiyo Victoire aliijua. Alfajiri, jani lake moja lililokunjwa kama kifuko hufunguka, na ndani hutoka kaua kadogo ka buluu, buluu ambayo hakuna kitambaa wala anga inayoifikia. Jua likipanda, kanafumba. Ikifika saa sita huwezi kujua kama kalikuwapo. Valentin alilikata alfajiri, na sasa chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kuliwa. Mwalimu wa biolojia mzima akasahau saa! Mapenzi hayo, hayana diploma.

Papa Siméon aliinuka polepole.

"Mwalimu. Unajua mi niko nauzisha nini?"

"Maua, Papa."

"Maua. Harusi za Butembo, za Beni, mpaka Kipese kule juu, bibi-harusi anashika maua yangu. Mutu akikufa, couronne ya kuweka ku kaburi ni yangu. Plastiki ya muzuri, haikauke, haioze, haiombe maji. Na weye, ku siku ya kuomba mutoto yangu, unaniletea nini? Magugu. Na mizizi yake!"

"Papa, asubuhi ilikuwa imefunguka. Ilikuwa bleu, Papa, bleu ya kweli..."

"Asubuhi! Mi nakuona asubuhi? Nakuona sasa. Ua yenye haifike saa sita, ile ni ua gani?" Papa Siméon alimkazia macho, na sauti yake ikashuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Na weye mwenyewe uko vile. Mutu wa serikali. Leo Beni, kesho banakutupa Kalemie. Asubuhi umefunguka, unacheka, unasema 'Papa, Papa'. Saa sita umefunga, mutoto yangu anabaki na majani mu mukono. Hapana. Hapana, mwalimu."

"Papa Victoire," Mama Emérence alijaribu, "leka kwanza bageni bapumzike..."

"Niko nasema."

Victoire akasahau jicho la pembeni. Alisimama. "Papa, tafazali. Aliileta juu yangu. Ni mi nilimuambiaka naipenda, na niko naichora."

"Njo unasema sasa!" Papa Siméon alimgeukia. "Kosa ni yako. Hii ugonjwa ya kulala mu majani na rangi na karatasi, weye njo ulimuambukiza. Nilitoka mu mashamba ya Vuhovi na matope mpaka hapa," akaonyesha magoti yake, "juu batoto yangu basijue magugu. Na weye unarudi kuyatafuta, unayapakaa rangi! Kuanzia leo, ile kwenda kwenda ku milima imekwisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Mama Antoinette aliomba radhi kwa niaba ya kijana wake, kwa maneno mazuri ya mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Papa Siméon alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama, heshima yote kwako," alisema. "Mais mulango nimefunga."

Basi. Katika ukoo ule, baba wa msichana akisema neno hilo, mchumba harudi kwa miguu yake wala hatumi mtu. Hata akikaa miaka, anangoja aitwe na yule yule aliyefunga. Na Papa Siméon tangu azaliwe hakuwahi kumwita mtu aliyemfukuza.

Mbuzi alifunguliwa. Victoire alimtazama akitoka getini kwa kamba ile ile aliyoingia nayo, huku bado anatafuna ganda la kiazi. Mbuzi wa posa akirudishwa, habari inamtangulia barabarani.

Alikiokota kile kitambaa cheupe, akapata sababu ya kutoka.

"Kitambaa yako," alimwambia Valentin pale getini. Mama Antoinette, mwenye akili zake, alijifanya anahangaika na kamba ya mbuzi.

"Kibakize."

"Valentin, weye! Saa! Unafundisha batoto ya batu maua, unasahau ile inafunga?"

"Sikusahau." Alikuwa na macho mekundu lakini hakulia. "Nilihesabu tutafika mapema, mbele ya misa. Mvua ikatupata mu njia, pikipiki ikalala mu matope. Nikaanza kuona inafunga, moya moya, mu mukono yangu. Ningefanya nini? Nikafunga kitambaa."

"Ungeitupa!"

"Ulisemaka bleu ya hapa inakushinda. Nikaona ya Beni, nikasema labda hii itamusaidia. Nikaing'oa na mizizi, uipande." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepigwa akaulizwa kama anaumwa. "Sikujua kama mizizi njo matusi. Kwetu ni zawadi."

Victoire alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alikumbuka siku ya kwanza, kule Vuhovi kwenye shamba la marehemu bibi yake. Yeye alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa njia, kidevu kwenye nyasi, anachunguza kaua. Mwanaume mmoja aliyekuwa akitoka kwenye harusi ya mwenzake akasimama kwa hofu. "Dada, umeanguka?" "Hapana. Niko naangalia." "Unaangalia nini?" "Lala chini, utaona." Na yule mwanaume, na suti yake ya harusi, akalala chini. Walimwona chungu akipanda petali ya buluu na kuteleza. Walibana kile kifuko cha jani, kikatoa tone moja la maji mazito, na Valentin akacheka kama mtoto. Mwanaume anayelala kwenye nyasi na suti yake kwa sababu umemwambia atazame, dada zangu, huyo usimwache.

"Baba yangu mudogo ananiita Mbuji-Mayi," Valentin alisema. "Anasema iko kazi. Anasema, kama bale bantu bakikukataa, rudi kwenu."

"Na utaenda?"

"Masomo ikifunga, atataka jibu." Alimtazama kwa macho mawili, bila haya. "Nitangoja papa yako aniite. Mais jua kitu kimoya, Victoire. Mi hapana ua ya saa sita."

Pikipiki ikaondoka, Mama Antoinette nyuma, mbuzi kapakatwa katikati na anapiga kelele. Victoire alibaki getini mpaka kelele ya mbuzi ikaisha.

Aliporudi uani alimkuta Tante Kavugho ameshika lile rundo kwa ncha za vidole.

"Naitupa wapi hii? Chini hapana. Ikigusa tu udongo, imeshika." Akazunguka nyumba, akanung'unika, akalitundika kwenye panda ya mti wa parachichi nyuma ya depo, stoo ya maua ya kaka yake, mizizi ikining'inia hewani. "Bon. Ikaukie pale."

Jumatatu Victoire hakwenda milimani. Jumanne vilevile. Kisanduku chake cha rangi za maji kilikaa chini ya kitanda, na yeye alikaa juu ya kitanda hicho, akijikaza kisabuni. Mama Emérence alimletea uji, akamwambia: "Kula, mwanangu. Baba yako ni mugumu, mais haiko jiwe." Victoire akajibu kuwa jiwe angalau likinyeshewa linalowa.

Valentin hakupiga simu. Alikuwa ameahidi kuheshimu mlango uliofungwa, na aliheshimu. Victoire alimpenda zaidi kwa hilo, na pia alitamani kumpiga kibao.

Mvua ikawa inanyesha kila usiku, na asubuhi ukungu wa Butembo ukashuka mpaka kwenye mabati. Ilikuwa asubuhi moja ya ukungu kama hizo alipokwenda nyuma ya depo kuanika sweta, akainua kichwa, akasimama.

Lile rundo halikuwa limekauka. Mizizi ndiyo, ilikuwa imekauka hewani, myeupe, imesokotana. Lakini ncha za mashina zilikuwa zimejikunja kuelekea juu, zinatafuta mwanga, na kwenye ncha moja, kutoka kwenye kifuko chake, kaua ka buluu kalikuwa kamefunguka. Hakana udongo, hakana maji isipokuwa ya ukungu. Kamefunguka tu.

"Weye," Victoire alikaambia kwa sauti, machozi yakimtoka. "Weye, nani alikuomba?"

Akakimbilia kisanduku. Papa alikataza milima. Nyuma ya nyumba si mlima. Akageuza ndoo, akakaa, akabandika karatasi yake ngumu juu ya ubao wa kukatia mboga. Siku ile rangi ilimshinda kama kawaida. Buluu yake ilikuwa buluu ya ndoo ya plastiki. Kabla hajaisahihisha, jua likatoka na ua likafumba.

Kesho yake kifuko kilekile kikatoa ua lingine. Na kesho yake tena. Kila asubuhi Victoire aliamka kabla ya kila mtu, akakaa kwenye ndoo yake, na kila asubuhi alijifunza kitu kidogo. Kwamba petali mbili zinasimama juu, na ya tatu, nyeupe na nyembamba, inajificha chini kama ndugu mwenye haya. Kwamba vumbi la ua ni la manjano. Kwamba gome la parachichi lina kuvu zake ndogo, za kijani na za kijivu, ambazo hajawahi kuziona miaka yote aliyokula matunda yake. Na mwishowe, asubuhi moja ukungu ukiwa mzito hata depo haionekani, akaelewa kosa lake. Alikuwa akianza na ua. Akaanza na ukungu. Alilowesha karatasi yote kwa kijivu hafifu, akangoja, akapaka gome, akapaka mizizi mikavu, na katikati ya kijivu chote hicho akagusa tone dogo la buluu.

Likawaka. Lile lile! Victoire aliishikilia brashi hewani asije akaliharibu.

"Nilikataza nini, Victoire?"

Papa Siméon alikuwa nyuma yake, funguo za depo mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua makatoni ya maua ya harusi.

"Ulikataza milima, Papa. Hapa ni nyuma ya nyumba."

"Unacheza na maneno yangu." Akanyoosha mkono. "Leta hii."

Victoire alitaka kukataa. Badala yake alimpa karatasi, mbichi bado, akafumba macho akingoja sauti ya kuchanika.

Hakusikia kitu. Alipofumbua, baba yake alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, mbali na koti lake visigusane, na uso wake ulikuwa uso ambao Victoire hakuujua.

"Nani alikuelezea hii?" aliuliza.

"Hakuna mutu, Papa. Iko pale mu muti. Nimeangalia tu."

"Hapana. Nauliza, nani alikuelezea mambo ya koko yako Vagheni?"

"Koko? Sijue kitu, Papa. Nakuapia."

Papa Siméon akaketi. Akaketi juu ya ndoo ya Victoire, yeye na koti lake la kuendea dukani.

"Mama yangu," alianza, "kule Vuhovi, akilima, hii majani hapana kuitupa chini. Alikuwa anaitundika mu panda ya muti. Hivi. Hivi kabisa, mizizi mu hewa. Halafu ananiambia: 'Kitsa, kesho lamuka mapema, uende uangalie kama imekufa.' Mi kamutoto, nilikuwa napenda usingizi. Mais juu ya ile, nalamuka, nakimbia mu ukungu, miguu mitupu. Nafika, naona bleu. Haijakufa! Kesho yake, bleu. Siku moya nikakasirika, nikalia, 'Mama, hii kitu itakufa siku gani?' Akacheka mpaka jembe ikaanguka. Akasema, 'Hii inapenda kuishi kupita weye unapenda kulala.'"

Alicheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kitu kingine. Victoire hakuwahi kumwona baba yake akilia. Hakujua aweke mikono wapi, basi akapiga magoti, akaishika yake.

"Haujatuelezaka hii, Papa."

"Nilisahau. Vraiment, nilisahau kabisa. Siku tulimuzika nilimupelekea couronne ya bei kupita zote mu magazini yetu ya maua. Nikasema, hii haitakauka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Jua ya saison moya ya kiangazi ikakula rangi yake yote. Mara ya mwisho nilifika pale, imekuwa nyeupe kama mufupa. Nikaona haya. Sikurudi tena. Sasa pale juu yake iko nini?"

"Hii," Victoire alimwambia taratibu. "Imejaa pale, Papa. Asubuhi kaburi yote iko bleu. Tante anang'oaka mu shamba yote, mais pale, hapana gusa."

Papa Siméon akasimama, akaenda mpaka kwenye mti. Alivua kofia bila kujijua. Akainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia lile ua, yeye aliyeuza maua maisha yake yote na hakuwahi kunusa hata moja.

"Hii ni ile ya mwalimu?"

"Njo ile."

"Hakuna mutu alimwangia maji?"

"Hakuna."

"Hakuna udongo."

"Hakuna, Papa."

 Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Mama Emérence alikuwa amesimama pale na Tante Kavugho begani kwake, wote wawili wamesahau kwamba kusikiliza maneno ya watu ni dhambi.

"Na mi nilimuambia ni mutu wa kufunga saa sita," Papa Siméon alisema.

"Papa Victoire," Mama Emérence aliita kwa sauti laini, "chai inapoa."

"Leka ipoe." Akamgeukia binti yake. "Uko na numéro yake?"

Kama alikuwa nayo! Victoire alibonyeza namba kwa haraka hata akakosea. Simu ikaita. Papa Siméon aliichukua, akajikohoza, akavaa kofia yake tena, kana kwamba anaonekana.

"Mwalimu? Ni Siméon Kitsa... Ndiyo. Mi mwenyewe... Uko mu masomo? Bon, sitakukawisha. Ile mbuzi iko muzima?"

Kutoka kwenye simu Victoire alisikia sauti ya Valentin, ndogo. "Iko muzima, Papa. Inakula tu."

"Muirudishe. Siku ya posho, Jumamosi hii, weye na Mama Antoinette. Na sikiliza vizuri." Papa Siméon alilitazama lile ua. "Mukuye asubuhi. Mbele maua ifunge."

Upande wa pili kukatoka ukelele ambao wanafunzi wote wa mwalimu Kalala waliusikia, maana nao walianza kushangilia, wasijue wanashangilia nini. Tante Kavugho hakungoja maelezo. Alipiga vigelegele hadi kuku wakaruka uzio.

Picha ile Papa Siméon aliipeleka dukani mwenyewe, akaitundika juu ya kaunta, katikati ya waridi zake za plastiki. Wateja walianza kuuliza: ile ya bleu, unaiuzisha? "Ile haiuzwe," alijibu, akiringa kidogo. "Ile ni ya mutoto yangu. Na mbegu yake ni ya mukwe."

Usiku wa kuamkia Jumamosi Valentin na Mama Antoinette walilala Butembo, kwa rafiki yake mama huyo, ili asubuhi isiwakimbie. Walibisha hodi ukungu bado uko barabarani. Mbuzi aliingia getini kwa mara ya pili, amenenepa, na kichwa juu kama mtu aliyeshinda kesi. Hakuna aliyepelekwa sebuleni. Papa Siméon mwenyewe alimshika Valentin mkono, akamzungusha nyumba, na ukoo wote ukafuata, wamejifunga vitenge na sweta, vikombe vya chai mikononi, mpaka chini ya parachichi.

Rundo zima lilikuwa limefunguka. Kila ncha ilikuwa na kajicho ka buluu.

"Angalieni," Papa Siméon aliwaambia ndugu zake. "Siku ile huyu kijana alileta hii, mi niliona majani. Ni mi sikukuwa na macho. Mama yetu Vagheni angeona. Huyu mutoto wangu aliona." Akamvuta Victoire kwa mkono wake mwingine, akauweka mkono wa binti yake ndani ya mkono wa mwalimu. "Mulango umefunguka. Mama Antoinette, sasa tuzungumuze."

 Valentin alimtazama Victoire, na Victoire akamtazama kwa macho mawili, mbele ya baba, mbele ya mashangazi, mbele ya mbuzi, na hakuna aliyemkataza. Alikuwa na rangi ya buluu chini ya kucha. Valentin aliiona, akaibusu.

"Umeipata," alinong'ona.

"Nimeipata."

Maneno yalizungumzwa pale pale nje, viti vikaletwa, viazi vikachomwa, kasiksi ikamiminwa, na Tante Kavugho akacheza mpaka kitenge kikamfunguka. Jua likapanda, ukungu ukaisha. Karibu saa sita Valentin alitupa jicho mtini, akaona petali zinaanza kukunjana, moja baada ya nyingine. Mazoea ya hofu yakamrudia. Aliinuka nusu kwenye kiti.

Mkono mzito wa Papa Siméon ukamrudisha chini.

"Leka ifunge, mukwe wangu," alisema, akimwongezea kasiksi. "Kesho itafunguka."